Upande wa Nyuma wa Leseni ya Baiskeli

Novemba 14

Nimeficha karatasi moja kwa miaka thelathini na miwili. Imo ndani ya juzuu ya taarifa za kesi, rafu ya pili kutoka juu, pale hasa hukumu yangu inapoanzia. Upande mmoja ni fomu ya leseni ya baiskeli ambayo haikujazwa. Upande wa nyuma kuna maneno ya mtoto wa kike wa miaka kumi. Hakuna aliyeiona kwangu: si marehemu mke wangu, si binti yangu Esnart, si jaji mwenzangu yeyote.

Leo imenyesha ile mvua ya kwanza inayozima majivu ya mioto ya vichaka, na mlima wote wa Zomba unanuka masizi yaliyolowa. Daktari alikuja asubuhi akausikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko desturi yake. Nilimwuliza kama nitakula mahindi mabichi ya mwaka huu. Akasema, "Tumwombe Mungu, mzee." Nimekaa kwenye kiti cha jaji miaka ishirini na sita, nalijua jibu la mtu asiyetaka kujibu.

Nimemwomba Esnart daftari. Ameleta lenye picha ya pundamilia.

"Unataka kuandika nini, Baba?"

"Hukumu."

"Ya nani tena? Si ulistaafu?"

"Imebaki moja."

Akacheka, akaenda kuanua nguo.

Novemba 15

Jua kali. Nimelala mchana kutwa.

Novemba 19

Sikwese amekuja kwa baiskeli, amelowa chapachapa, na ana miaka sabini na moja. Alikuwa karani wa mahakama ya hakimu kule bomani Namiyango, makao ya wilaya, kisha nikamchukua kuwa karani wangu, tukakaa pamoja miaka ishirini. Anaamini nilimchukua kwa sababu ya mwandiko wake.

"Mheshimiwa, bado upo?"

"Nipo. Umekuja kupima jeneza?"

"Kwa urefu huo wako? Seremala ataomba mbao za kujengea daraja."

Akaona penseli yangu nyekundu juu ya meza, akamgeukia Esnart. "Mwanangu, hii ilikuwa inatutetemesha. Baba yako alikuwa anasoma jalada huku anapiga mistari, penseli na rula, kama fundi. Na siku akisoma hukumu mbele ya watu, anarudi ofisini anaivunja ncha. Kak! Hiyo kesi imekwisha, haiguswi tena. Mimi kazi yangu ni kuchonga. Nimechonga penseli kuliko nilivyolima."

Kisha akatoa habari za kwao. Nyakwawa wa kijiji cha Nachipere amekufa mwezi uliopita. Kiti cha mkuu wa kijiji kwao hupita upande wa mama, na ukoo umemchagua binti wa dada yake. Amekataa.

"Kwa nini?"

Sikwese akawa na kazi ya ghafla ya kukamua kofia. "Unamkumbuka, Mheshimiwa. Enelesi. Yule mtoto wa kesi ya mwenye kinu."

Niliichukua penseli, nikairudisha mezani.

"Anasema nyakwawa kazi yake ni kuamua kesi za watu. Na yeye mahakama kubwa ilishasema hajui ukweli ni nini."

"Mahakama haikusema hivyo."

"Uliandika kurasa ishirini na mbili, Mheshimiwa. Kijijini ilifika sentensi moja. Wazee wamempa muda mpaka mahindi yakauke. Asipokubali, kiti kinahamia tawi lingine, na nyumba ya mama yake imeisha hapo."

Alipoondoka nilimwambia, "Mlete." Alinitazama, akapanda baiskeli.

Novemba 20

Niandike kesi yenyewe, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa.

Mwenye kinu cha kusaga pale Nachipere alishtakiwa kwa kumharibu mtoto aliyetumwa na mama yake kusaga mahindi. Hakimu Kamowa alimsikiliza mtoto, akamwamini, akamfunga yule mtu miaka kumi na minne. Mtu akakata rufani, ikaja mezani kwangu. Nilikuwa na miezi mitano tangu niapishwe.

Watu hudhani rufani ni kesi kusikilizwa mara ya pili. Sivyo. Jaji wa rufani hana macho. Hakumwona mtoto akishika pindo la nguo yake, hakumwona mshtakiwa akijipangusa jasho. Ana karatasi tu. Ndiyo maana sheria inamtaka amheshimu hakimu aliyeona kwa macho yake, isipokuwa karatasi zenyewe zionyeshe kwamba utaratibu ulivunjwa. Na utaratibu wa siku zile ulikuwa huu: kabla mtoto mdogo hajatoa ushahidi, hakimu amwulize maswali ajue kama anaelewa maana ya kusema kweli, na maswali na majibu yaandikwe. Yasipoandikwa, kwetu sisi tusio na macho, hayakuulizwa.

Mwenendo wa kesi ulioletwa kwangu, uliopigwa taipu, haukuwa na maswali hayo. Ulianza tu: "Shahidi wa kwanza, miaka kumi, anasema." Nikatengua hukumu ya Kamowa. Niliandika kwamba uzembe wa hakimu hauwezi kuzibwa na huruma ya jaji. Wenzangu walinipongeza kwa sentensi hiyo. Sikuamuru kesi isikilizwe upya. Niliandika kwamba si haki mtoto kulazimishwa kuyasema tena mambo yale mbele ya wageni. Hilo nililiamini. Lilinifaa pia.

Mwenye kinu alitoka baada ya miezi minane.

Karatasi ilikuwepo. Mwaka ule serikali haikuwa na karatasi. Mahakama za bomani ziliandikia nyuma ya chochote. Kamowa aliandika maswali ya mtoto nyuma ya fomu ya leseni ya baiskeli. Aliyepiga taipu aliiona fomu, akadhani imepotea njia kutoka ofisi ya leseni, akaiacha. Mimi niliikuta katika jalada la asili, na nilipoikuta nilikuwa nimechelewa.

Mkono unachoka.

Novemba 28

Mvua. Esnart amepanda maharage nyuma ya jiko.

Desemba 3

Amekuja.

Nilitarajia sijui nini. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwembamba, kitenge chake kimefungwa imara, miguu ina tope jekundu la kwao. Alipiga magoti mlangoni kunisalimu kama desturi yetu, na mimi ambaye nimepigiwa magoti maisha yangu yote nikaona aibu. Nikamwomba akae kitini. Akakaa mkekani.

"Nimewaletea masuku, babu. Ya mwanzo haya, mengine bado machachu."

"Njia ni mbaya?"

"Tope tu. Tope halijaua mtu."

Tulikula masuku, tukitema mbegu kwenye kisahani. Nilimwuliza habari za watoto: wanne, wa kwanza ameolewa. Nilimwuliza habari za mama yake.

"Alifariki mwaka wa njaa. Babu, yule alikuwa mtu. Tangu ile kesi hakupeleka tena mahindi kwenye kinu kile. Cha pili kilikuwa mbali, mto ukijaa hakifikiki. Akawa anatwanga. Kwa mchi, kila siku, mpaka alipokufa. Nikimwambia mama, viganja vyako, ananiambia, 'Unga wa mikono yangu haunikwami.'"

Akasema tena, bila lawama, kama mtu anayeeleza kilema cha kuzaliwa nacho: "Mimi ndiye niliyemponza mama. Nilijibu vibaya. Nilikuwa mtoto, niliogopa, sikumbuki hata niliulizwa nini. Lakini kama ningejibu vizuri, mahakama kubwa isingemwachia yule mtu."

Nilifungua mdomo. Esnart akaingia na chai. Nikauliza kama mbolea ya mwaka huu imefika kwao.

Niliwafunga watu waliokuwa waongo kuliko wengine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwoga kama mimi leo.

Desemba 10

Amekuja tena, Alhamisi. Hakuna aliyemwita. Ameleta mboga za majani.

Desemba 17

Alhamisi. Miguu yangu imevimba. Amemwonyesha Esnart namna ya kuikanda kwa maji ya chumvi. Wanacheka jikoni. Nimelala nikisikiliza.

Desemba 25

Nyimbo kanisani, mvua juu ya bati, wali na kuku. Sikuweza kumaliza kipaja.

Januari 9

Mwezi wa njaa. Maghala matupu, mahindi bado yako kiunoni. Na bado Enelesi amekuja na uyoga amefunga kwenye jani.

"Huu ungekula na watoto, mama."

"Watoto wameshiba uyoga mpaka wanaota mvi za uyoga. Kula, babu."

Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge. Halafu akasema alilolijia.

"Babu, naomba barua."

"Barua gani?"

"Kwa wazee wa ukoo. Hawaniachi. Jana tena wamekuja watatu, na yule mama mkubwa anayejifanya haoni, ameona njia mpaka kwangu. Wananiambia, 'Usitutupe.' Sasa wewe ndiye jaji mwenyewe. Wewe ndiye unayejua. Waandikie kwamba lile neno la mahakama bado lipo, kwamba mtu wa namna yangu hawezi kuamua mambo ya watu. Wewe ukisema, wataniacha."

Nilimwuliza kama yeye mwenyewe hakitaki kile kiti.

Hapo ndipo alipoinua uso. "Kukitaka? Babu, nimekaa nyuma ya mjomba kwenye baraza miaka kumi na tano nikiwapikia wageni uji wa thobwa. Kesi ikisemwa najua nani anadanganya kabla hajamaliza kusalimia. Najua. Halafu najiambia, wewe, unajua nini wewe? Wewe si uliambiwa?"

Alinikabidhi kalamu kutoka mezani. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

Nikasema mkono wangu unatetemeka, aje wiki ijayo.

Januari 10

Sikulala. Karatasi iko hatua nne kutoka kitandani.

Januari 24

Siku kumi na tatu sikuweza kushika kalamu. Maji yaliingia mapafuni. Esnart anasema nilikuwa naita jina la Kamowa, akadhani ni rafiki. Kamowa alihamishiwa mpakani mwezi mmoja baada ya hukumu yangu. Aliacha kazi, akafuga mbuzi, akafa. Hakuwahi kuniandikia. Angeandika nini? Neno lake lilikuwa limeshaandikwa, nami nilikuwa nimelikalia.

Enelesi alikuja Alhamisi zote mbili. Alikaa mlangoni, hakutaka kuniamsha.

Februari 11

Nimemsomea.

Nilimwambia Esnart atuache. Nilimwomba Enelesi apande kiti, anishushie ile juzuu. Alipoifungua karatasi ikateleza, ikaanguka upande wa fomu. Akaiokota akacheka: "Babu, na wewe ulikuwa na baiskeli?"

"Igeuze."

Hajui Kiingereza, na hakimu aliandika kwa Kiingereza kama mahakama zetu zote. Nikamgeuzia kwa lugha yetu, neno kwa neno, na kwa kuwa sitaishi nayo tena, naiandika hapa.

"Mtoto ana umri wa miaka kumi. Nimemketisha karibu nami. Swali: Uongo ni nini? Jibu: Ni kusema chungu kiko motoni na hakipo. Swali: Na ubaya wake ni nini? Jibu: Watu watangoja, na watalala njaa. Swali: Leo utasema nini hapa? Jibu: Kilichokuwepo motoni. Nimemtazama mtoto. Anasema polepole na ananiangalia. Nimeridhika kwamba anaelewa wajibu wa kusema kweli kuliko watu wazima wengi waliosimama mahali hapa."

Nilimaliza. Mvua ilikuwa imepungua, tunasikia maji ya bati yakidondoka kwenye ndoo.

"Soma tena pale pa chungu."

Nikasoma.

"Bibi," alisema. "Bibi yangu alikuwa anatufanyia hivyo, mwezi wa njaa kama huu. Anachemsha maji matupu tulale tukingoja. Tulimkasirikia kweli." Akaweka kiganja mdomoni. "Nilisema hivyo mimi? Mbele ya hakimu?"

"Wewe."

"Nikiwa na miaka kumi?"

"Katika miaka ishirini na sita sikusikia shahidi aliyejibu vizuri kuliko hivyo."

Alilia kidogo, akajipangusa kwa kitenge, kisha akacheka, kisha akalia tena. Nami nililia. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Baadaye akauliza swali lililokuwa lazima aulize: ilikuwaje karatasi hii haikusomwa? Nikamweleza habari ya fomu na ya taipu.

"Na wewe uliipata lini?"

"Nilipoipata nilikuwa nimechelewa," nilisema. "Na baada ya hapo nikaona aibu."

Akaushika mkono wangu. Viganja vyake ni vigumu. "Basi hukujua, babu. Aibu tu. Aibu nayo ni mzigo."

Amekwenda na karatasi ameifunga kwenye ncha ya kitenge, mahali wanawake wetu wanapofunga vitu vya thamani. Nimesamehewa, na sijawahi kujisikia mchafu namna hii.

Februari 18

Alhamisi. Hakuja. Mto umejaa.

Februari 19

Mvua.

Februari 20

Mvua.

Februari 25

Amekuja! Ukoo ulikaa Jumapili, Sikwese akawasomea karatasi, na wakati ule wa kesi yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa mtoto. Yule mama mkubwa anayejifanya haoni alisema, "Kumbe kiti kilikuwa kinamngoja tangu ana miaka kumi." Wanawake wakapiga vigelegele. Enelesi amekubali. Watamkalisha baada ya mavuno.

Kisha akanigeukia kama mwanafunzi. "Sasa nifundishe. Akiletwa mtoto mbele yangu, nifanye nini?"

Nimejibu maswali ya wanasheria wakubwa kwa kiburi. Hili nililijibu kwa unyenyekevu. Nilimwambia kesi kama ile yake asiiamue yeye barazani, wala asiruhusu wazee waimalize kwa mbuzi. Aipeleke polisi na hospitali siku hiyohiyo. Lakini mtoto atapita kwake kwanza. Amketishe karibu, chini kama yeye. Amwulize mambo ya nyumbani anayoyajua. Asimwulize mara mbili jambo alilokwisha kulijibu, kwa maana mtoto akiulizwa mara ya pili hudhani jibu la kwanza lilikuwa baya.

"Hivyo ndivyo nilivyodhani mimi," alisema.

"Najua."

"Na kama hakuna mtu mwingine aliyeona?"

"Mambo haya hayafanywi sokoni. Zamani sisi majaji tulitaka mtu wa pili aunge mkono neno la mtoto, kana kwamba neno lake ni nusu. Tulikosea. Msikilize. Ukimwamini, sema kwa nini, na uandike."

"Kwenye nini? Karatasi hakuna."

"Kwenye chochote," nikasema, na sote wawili tukacheka mpaka Esnart akaja kuchungulia.

Machi 4

Alhamisi. Ameniletea mahindi mabichi. Ameyachoma uani. Nimekula mistari mitatu, kwa meno niliyobaki nayo. Daktari aandike hilo.

Machi 9

Sikwese amekuja na hakutania. Alikaa akiangalia penseli mezani.

"Mheshimiwa, aliyeiruka ile karatasi kwenye taipu ni mimi. Maswali yale nilimtafsiria mtoto mwenyewe, na hukumu yako ilipotoka niliogopa kusema."

"Najua. Nilijua siku zote."

"Ndiyo maana ukanichukua?"

Sikuweza kumwambia ilikuwa mwandiko.

"Nimekula mkate wako miaka ishirini," alisema taratibu. "Sina ugomvi nao. Lakini mimi ni karani, na karani hulinganisha. Ile karatasi ina mstari mwekundu, Mheshimiwa. Chini ya maneno ya chungu. Umepigwa kwa rula."

Nilifumba macho. Alipanda baiskeli yake mvuani, bila kuniaga.

Machi 11

Alhamisi. Amekuja, amenikanda miguu, hakuuliza chochote. Sikwese hajamwambia. Ananiachia niseme mwenyewe. Nilimfundisha vizuri mno.

Machi 18

Nikimwambia, nitapoteza Alhamisi zangu. Nimeliandika hapa nilione lilivyo dogo. Ni dogo. Na ndilo lote nililobaki nalo.

Machi 30

Mvua zinakwisha. Asubuhi kuna ukungu tu mlimani, na Esnart anasema mahindi yameanza kukauka mabuani. Siwezi kukaa bila mito mitatu. Nimemwomba ampelekee Enelesi neno, Alhamisi hii asikose.

Aprili 2

Alikuja jana. Naandika kidogo kidogo. Esnart ananishikia daftari na amegeuza uso, kwa heshima. Nikimaliza, daftari hili ni la Enelesi. Nimeagiza.

Novemba ishirini niliandika kwamba nilipoikuta karatasi nilikuwa nimechelewa. Hata kwenye daftari langu mwenyewe nilidanganya. Kwa hiyo sasa naandika kwanza alivyofanya baada ya kunisikia, kisha ndipo niandike nilichosema, ili neno langu la mwisho humu lisiwe la kujitetea.

Baada ya kunisikia aliinuka. Nje Esnart alikuwa amewasha moto, mahindi ya mwisho mabichi yako juu ya makaa. Enelesi alitoka. Nilidhani amekwenda zake. Nikasikia akigeuza mahindi. Akarudi na hindi moja, amelipuliza lipoe, amelipukuchua kwenye kisahani kwa sababu anajua siwezi tena kung'ata. Akaniwekea punje mkononi.

"Kula, babu."

Nikala.

"Leo sikusamehe," alisema. "Sitaki kukudanganya. Mama yangu alitwanga miaka kumi na moja."

"Ndiyo."

"Ile ya mwanzo nilikusamehe bure. Sasa irudishe." Alinyoosha kiganja kweli, kama anayedai kitu, nami nikaweka mkono wangu mtupu ndani yake. Akaufumba. Hakuuachia. "Alhamisi nitakuja. Tutaona siku hiyo kuna nini motoni."

Na kiti? Nilimwuliza kama bado atakikalia, baada ya kujua majaji wanavyokuwa. Akasema, "Sasa ndiyo nitakikalia vizuri."

Haya ndiyo yaliyosemwa kabla ya hapo.

Nilimwomba aitoe karatasi. Akaifungua kutoka kwenye ncha ya kitenge. Nikamwomba anionyeshe mstari mwekundu. Akanionyesha.

"Huo ni wangu," nilisema. "Nilisoma jibu lako la chungu, nikalipenda, nikapiga mstari. Nilikuwa peke yangu ofisini. Nilisema kwa sauti, 'Mtoto huyu.' Kisha nikatazama upande wa pili wa meza, ilipokuwa hukumu yangu, kurasa ishirini na mbili, imepigwa taipu safi. Ilikuwa hukumu yangu kubwa ya kwanza, na wenzangu walikuwa wakiingoja. Ilikuwa nzuri. Karatasi yako ingeifuta yote."

Alinitazama usoni, polepole, kama Kamowa alivyoandika.

"Lini, babu?"

"Karatasi niliisoma Jumanne," nikamwambia. "Hukumu niliisoma Ijumaa."